Mary Ainsworth: Aliyejifunza mioyo ya watoto katika vijiji vya Buganda

Kabla jua halijachomoza, akina mama wa Ngagara wanaofanya biashara ya mpakani huwa wameshafunga mizigo. Mmoja anaelekea Gatumba ili avuke kwenda Uvira, mwingine anasubiri gari la Kobero, na mwingine ana tiketi ya basi la Kampala na hatarudi kabla ya siku nne au tano. Nyumbani wameacha watoto: huyu kwa bibi yake, huyu kwa yaya, huyu kwa dada yake ambaye naye bado ni mtoto. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wengi walihamia masoko mengine, likiwamo la Ngagara ambalo watu wanaliita Cotebu. Mtaji ulipungua, safari zikaongezeka, na swali moja likabaki katika vichwa vya akina mama: je, mtoto anayeachwa mara kwa mara anaumia rohoni?

Swali hilo lilikwisha kuchunguzwa kwa makini zaidi ya miaka 70 iliyopita, tena hapahapa Afrika Mashariki, katika vijiji vilivyo karibu na jiji la Kampala. Aliyelichunguza ni mwanamke aliyezaliwa Marekani na kukulia Canada, Mary Ainsworth. Alifariki mwaka 1999. Leo hakuna chuo kikubwa cha saikolojia duniani kisichofundisha kazi yake, na waganga wengi wanaotibu mtoto mmoja mmoja kwa mazungumzo na michezo wanasimama juu ya msingi alioujenga. Hata hivyo, katika masoko yetu ni wachache wanaojua kwamba msingi huo ulianzia Buganda.

Binti wa Toronto aliyependa vitabu

Mary Dinsmore Salter alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 katika mji wa Glendale, jimbo la Ohio. Alikuwa wa kwanza kati ya mabinti watatu. Mwaka 1918 kazi ya baba yake iliipeleka familia yote Toronto, Canada, na huko ndiko alikokulia. Wazazi wake walithamini elimu, na kwenda maktaba kila wiki ilikuwa desturi ya nyumba yao.

Alipokuwa na miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia ya binadamu. Akagundua kwamba mtu anaweza kutafuta ndani ya nafsi sababu za yale anayoyatenda na kuyahisi. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 16 tu, aliingia Chuo Kikuu cha Toronto. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1935 na ya udaktari mwaka 1939.

Mwalimu wake mkuu, William Blatz, alikuwa na fundisho moja lililomkaa Mary maisha yake yote. Kwa maoni ya Blatz, mtoto hupata ujasiri wa kwenda kugusa, kuonja na kujifunza mambo mapya pale anapokuwa na wazazi anaojua kwamba anaweza kuwarudia. Asiyekuwa na pa kurudi haendi mbali, au huenda akiwa na hofu.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Mary alijiunga na jeshi la wanawake la Canada mwaka 1942. Kazi yake ilikuwa kuwapima na kuwachagua watu kulingana na uwezo wao. Hadi mwaka 1945 alikuwa ameshapanda hadi cheo cha meja. Baada ya vita alirudi kufundisha chuoni Toronto. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, aliyekuwa mwanafunzi katika idara hiyohiyo, na wote wawili wakahamia London ili mume amalizie masomo yake.

Tangazo la kazi gazetini

Huko London Mary hakuwa na kazi. Aliona tangazo gazetini, akaomba, akapata. Kazi ilikuwa katika kliniki ya Tavistock, chini ya daktari aliyeitwa John Bowlby, ambaye alikuwa akitafiti athari za kumtenganisha mtoto mdogo na mama yake.

Bowlby alikuwa ameanzia kwenye kliniki ya watoto wenye matatizo ya tabia. Mwaka 1944 alichapisha habari za vijana 44 wezi waliopitia kliniki hiyo, na maisha ya kila mmoja aliyaeleza kwa upande wake. Kati yao, 14 walionekana hawana upendo wala huruma kwa mtu yeyote. Bowlby alipofuatilia utoto wao, alikuta kwamba 12 kati ya hao 14 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo. Wakati huo waganga wengi waliamini kwamba shida ya mtoto hutokana na ndoto na mawazo yake ya ndani. Bowlby alisema yaliyompata mtoto kweli yana uzito wake.

Katika ofisi hiyo alikuwapo pia James Robertson. Huyu hakuanza kama msomi. Wakati wa vita alikuwa mhudumu wa boila katika kituo cha kulea watoto kilichoongozwa na Anna Freud, ambaye aliwataka wafanyakazi wote, hata wapishi, waandike kwenye kadi kila walichokiona kwa watoto. Robertson alijifunza hapo kutazama. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali bila mama yake, wakati ambapo hospitali za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa nadra. Filamu ile iliwakera madaktari, lakini baadaye ilisaidia kufungua milango ya wodi kwa wazazi.

Mary aliyachambua maandishi ya Robertson na akavutiwa. Hapakuwa na mashine wala mitihani, ila mtu aliyekaa na mtoto na kuandika alichokiona. Aliamua kwamba siku akipata nafasi ya kufanya utafiti wake mwenyewe, ataufanya kwa njia hiyo.

Kampala, mwaka 1954

Nafasi ilikuja bila kutarajiwa. Leonard alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere, na mwanzoni mwa mwaka 1954 mume na mke wakafika Kampala. Haukuwa wakati mtulivu. Miezi michache kabla, tarehe 30 Novemba 1953, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa imemkamata Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka uhamishoni London. Buganda nzima ilikuwa katika majonzi na hasira, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955.

Katika hali hiyo mwanamke mzungu aliyetoka London alianza kupiga hodi kwenye nyumba za Waganda. Hakuwa ameajiriwa na mtu. Mkurugenzi wa taasisi, Audrey Richards, alimsaidia kupata fedha kidogo za utafiti. Msaidizi wake mkubwa alikuwa Katie Kibuka, aliyemfungulia milango na kumtafsiria. Bila Kibuka, kazi yote isingewezekana.

Walipata familia 26 zenye watoto 28 ambao walikuwa bado wananyonya. Kila baada ya wiki mbili walizitembelea nyumba hizo, kila ziara ikichukua takribani saa mbili, na kwa baadhi ya familia kazi hiyo iliendelea hadi miezi tisa. Walikwenda mchana, saa ambazo akina mama wa Buganda hupokea wageni sebuleni. Walikaa na kuzungumza, huku Mary akimtazama mtoto: analia lini, anamfuata nani, anacheka na nani, anakwenda wapi akianza kutambaa.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa tofauti. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi ya zamani ya Buganda, mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kukaa kwa bibi ili alisahau titi. Mary alitaka kuona utengano huo unamfanya nini mtoto. Lakini alipofika vijijini alikuta kwamba desturi hiyo haifuatwi tena na wengi. Mtafiti mwingine angefunga daftari na kulaumu bahati. Yeye alibadili swali. Badala ya kutafuta jinsi upendo wa mtoto na mama unavyovunjika, akaanza kutazama jinsi unavyojengeka.

Alichokiona vijijini

Kwanza aliona kwamba mtoto si kifurushi kinachosubiri kulishwa. Katika miezi ya mwanzo mtoto alimtabasamia karibu kila mtu. Baadaye alianza kuchagua. Alilia mama alipotoka, akanyamaza alipobebwa na mama na si mwingine, akamfuata kwa kutambaa. Mama alipoingia, watoto wengi wa Buganda walimpokea kwa kupiga makofi, kama walivyofundishwa na wakubwa wao. Mary aliandika yote hayo, moja baada ya jingine, pamoja na umri ambao kila jambo lilianza.

Pili, aliona fundisho la mwalimu wake Blatz likitembea mbele ya macho yake. Mtoto alimwacha mama mkekani, akatambaa hadi mlangoni, akaokota kitu, akageuka kutazama kama mama yupo, kisha akaendelea. Alipoogopa, alirudi mbio. Mama alikuwa kituo salama: mahali pa kuondokea na mahali pa kurudia. Mama alipotoka chumbani, safari za mtoto zilikwisha na kilio kikaanza.

Tatu, aliona kwamba watoto hawakuwa sawa. Kati ya wale 28, watoto 16 walikuwa wameshikamana na mama zao kwa utulivu: walilia kidogo, na mama akiwapo walicheza kwa uhuru. Wengine 7 walikuwa na wasiwasi, walilia mara nyingi hata mikononi mwa mama. Watano waliobaki hawakuwa wameonyesha dalili za kumtofautisha mama na watu wengine.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Mary alipima mambo mengi. Idadi ya watu waliosaidia kumlea mtoto haikueleza tofauti. Mtoto aliyebebwa na shangazi, bibi na dada zake hakuwa na hofu zaidi ya yule aliyelelewa na mama peke yake. Kunyonyesha kwa saa maalumu au wakati wowote mtoto anapotaka, nako hakukueleza.

Kilichoeleza zaidi ni jambo ambalo mtafiti asiye mvumilivu asingeliona. Akina mama wa watoto watulivu walikuwa wasimulizi wazuri. Ukiwauliza habari za mtoto, walieleza bila kuvutwa: hapendi chakula hiki, akishikwa usingizi hushika sikio, jana aliogopa mbuzi. Walimjua mtoto wao kama mchuuzi mzoefu anavyokijua kitenge kwa kukigusa tu. Mama anayemjua mtoto hivyo ni mama anayemtazama, na anayemtazama huitikia haraka na kwa namna inayofaa. Akina mama wa wale watano waliitikia kidogo vilio vya watoto wao, na baadhi ya watoto hao waliachwa peke yao kwa muda mrefu.

Mwaka 1955 Leonard na Mary waliondoka Uganda. Kitabu chake kuhusu utoto nchini humo kilichapishwa mwaka 1967, miaka 12 baadaye. Wakati huo alikuwa ameshaanza utafiti wa pili uliompa umaarufu duniani.

Baltimore na chumba cha vichezeo

Kutoka Kampala walihamia Baltimore, Marekani. Mary alifundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na kwa muda alifanya pia kazi hospitalini ya kuwapima watoto wenye matatizo ya akili na hisia. Kila mtoto alikuja na historia yake, na hakuna wawili waliofanana. Maisha yake mwenyewe hayakuwa rahisi: ndoa ilivunjika mwaka 1960, na ingawa alitumia umri wake wote kutazama watoto wa wengine, hakujaliwa wake.

Mwaka 1963 alianza kurudia kazi ya Buganda kwa familia 26 za Baltimore. Watoto walitembelewa nyumbani tangu wakiwa na wiki tatu hadi wiki 54, kila ziara ikichukua saa nne, hata ikafika takribani saa 72 kwa kila familia. Moja ya matokeo liliwashangaza wazazi wengi wa Marekani, ambao walionywa kwamba mtoto akibebwa kila anapolia atadeka. Mary na mwenzake Silvia Bell walionyesha mwaka 1972 kwamba watoto walioitikiwa haraka walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka mmoja. Bibi wengi wa Buganda na Burundi wasingehitaji kuambiwa.

Lakini kulikuwa na tatizo. Mtoto wa Baltimore, nyumbani kwake, hakushtuka mama alipotoka chumbani, kwa kuwa alizoea kumwona akiingia na kutoka siku nzima. Mary hakuweza kuona kile kituo salama alichokiona wazi Buganda. Kwa hiyo, yeye na Barbara Wittig walibuni jaribio lililofanyika katika chumba kigeni cha chuoni. Mtoto wa mwaka mmoja aliingia na mama yake akakuta vichezeo. Akaja mgeni. Mama akatoka, akarudi, akatoka tena, akarudi tena. Yote yalichukua kama dakika 20. Jaribio hilo, linaloitwa Hali Ngeni, limerudiwa katika nchi nyingi duniani.

Watu wengi walidhani kwamba jambo la kupima ni kilio cha kuachwa. Mary aliona kwamba jambo kubwa ni la kurudiwa. Watoto wengi, hata waliolia sana, walimkimbilia mama aliporudi, wakabembelezwa, wakatulia na kurudi kwenye vichezeo. Wachache walimng'ang'ania mama huku wamemkasirikia, na hawakutulizika. Kundi la tatu lilikuwa la ajabu: watoto hawa hawakulia, na mama aliporudi waligeuza uso, wakaendelea kushika vichezeo kana kwamba hakuna aliyeingia.

Kwa macho ya kawaida hao wa mwisho ndio watoto wazuri, wasiosumbua. Mary hakukubali, kwa sababu alikuwa ameziona nyumba zao, na alijua kwamba wengi wao walikuwa wamezoea kukataliwa wanapotaka kubebwa. Mwaka 1977 watafiti wengine walipima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo wakakuta kwamba ndani mioyo ilikuwa ikienda mbio. Utulivu ulikuwa wa nje tu. Mtoto alikuwa amejifunza kuficha.

Waliompinga

Kazi hiyo haikukosa wapinzani. Wengine walisema kwamba dakika 20 katika chumba kigeni haziwezi kupima maisha ya mtoto. Wengine walisema kipimo kilitengenezwa kwa familia za Wamarekani wa tabaka la kati, na kwamba watoto wa Japani, ambao hawakuzoea kabisa kuachwa na mama, walilia kupita kiasi na kuonekana wenye kasoro ambayo hawakuwa nayo. Wapo pia waliosema kwamba nadharia yote inamtwisha mama mzigo peke yake, huku katika sehemu kubwa ya dunia mtoto ni wa ukoo.

Jibu zuri kwa hoja hiyo lilitoka Kenya. Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto 26 wa Kisii, ambako kazi ya kumshika mtoto mchana hufanywa na dada au ndugu mwingine mdogo wakati mama yuko shambani. Jaribio lilifanyika nje ya nyumba, na kwa kuwa Kisii mtoto hufundishwa kusalimia kwa mkono, watafiti walitazama jinsi alivyounyoosha mkono mlezi aliporudi. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wameshikamana kwa utulivu na mama zao, na zaidi ya nusu na walezi wao vilevile. Isitoshe, utulivu kwa mama uliambatana na afya ya mwili, na utulivu kwa mlezi uliambatana na maendeleo ya akili. Kwa maneno mengine, yule msichana anayebaki na mtoto si mtu wa kupita. Mtoto anajengeka pia mikononi mwake.

Hilo halikuipindua kazi ya Kampala. Mary mwenyewe alikuwa ameshaona kwamba idadi ya walezi si tatizo. Tatizo ni mtoto kukosa hata mmoja anayemsoma na kumwitikia.

Kutoka daftari hadi tiba

Mary Ainsworth hakuanzisha kliniki yenye jina lake. Mchango wake katika tiba ulipitia kwa wanafunzi wake. Mary Main aliongeza kundi la nne la watoto, wale wanaoonekana kuvurugikiwa kwa sababu anayepaswa kuwalinda ndiye anayewatisha. Alicia Lieberman alikuza tiba ya kumhudumia mtoto mdogo pamoja na mzazi wake baada ya ukatili au msiba. Robert Marvin alishiriki kuunda njia ya kuwafundisha wazazi kuona pale mtoto anapotaka kwenda na pale anapotaka kurudi. Bowlby naye, katika kitabu cha mwaka 1988, alieleza kwamba mganga wa nafsi anapaswa kuwa kwa mgonjwa kile ambacho mama alikuwa kwa mtoto wa Buganda: kituo salama cha kuanzia safari ya kutazama yaliyo machungu.

Maana yake kwa tiba ni hii. Watoto wawili wanaweza kugoma kwenda shule, au kupigana, au kunyamaza. Kwa nje ni shida moja. Lakini mmoja anang'ang'ania kwa hofu ya kuachwa, na mwingine ameshajifunza kutomtegemea mtu. Dawa ya wa kwanza inaweza kuwa sumu kwa wa pili. Ndiyo sababu mganga mzuri huanza kwa kumtazama mtoto huyu, nyumbani kwake, na watu wake, kabla ya kuamua lolote.

Kwa Ngagara jambo hilo si la vitabuni. Mtaa huu ulijengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, miaka ileile Mary alipokuwa akizungukia vijiji vya Buganda. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 viliugawa upande wa kaskazini wa Bujumbura, majirani wa Ngagara na Kamenge wakatazamana kama maadui, na watoto wengi waliona yasiyopaswa kuonwa na mtu. Kituo cha Vijana cha Kamenge kilifanya kazi ya kuwakutanisha tena vijana wa mitaa ya kaskazini, Ngagara ikiwamo. Jirani, hukohuko Kamenge, ipo hospitali ya magonjwa ya akili inayoendeshwa na watawa wa shirika la Frères de la Charité.

Baada ya vita, wataalamu walijaribu kuwasaidia watoto wa Burundi kwa makundi, darasani, kwa michezo na mazungumzo. Matokeo ya utafiti kwa watoto 329 wenye umri wa miaka 8 hadi 17 yalichapishwa mwaka 2014. Kwa ujumla, tiba hiyo ya pamoja haikuonyesha tofauti kubwa. Lakini watafiti walipochambua zaidi, walikuta kwamba watoto waliokuwa wakiishi na wazazi wote wawili, na wale wa kaya kubwa, walipata nafuu. Dawa moja ilitolewa kwa wote, na ikafanya kazi zaidi kwa wale wenye watu wa kuwarudia nyumbani.

Kaskazini mwa Uganda ilijaribiwa njia nyingine, iliyotokana na wataalamu wa Ujerumani na si wanafunzi wa Ainsworth. Vijana 85 waliowahi kutekwa na kufanywa askari walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Waliopata tiba hiyo walitembelewa nyumbani, mmoja mmoja, mara nane, na wenyeji waliopewa mafunzo. Kijana alisaidiwa kusimulia maisha yake yote kwa mpangilio, mabaya na mazuri. Katika njia hiyo, watoto hulaza kamba chini kama mstari wa maisha yao, wakaweka jiwe penye msiba na ua penye furaha. Vijana hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa masomo ya ziada au waliosubiri. Wahudumu hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa pale, waliofundishwa kukaa na mtu mmoja na kumsikiliza, kama Mary Ainsworth na Katie Kibuka walivyokaa katika sebule za Buganda.

Miaka ya mwisho

Mary Ainsworth alihamia Chuo Kikuu cha Virginia katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1978, pamoja na wenzake watatu, alichapisha kitabu kilichokusanya matokeo ya Baltimore. Alistaafu mwaka 1984, na mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani walimpa nishani ya dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Alifariki tarehe 21 Machi 1999 mjini Charlottesville, Virginia, akiwa na umri wa miaka 85.

Kwa mama wa Ngagara anayepakia mzigo alfajiri, maisha ya mwanamke huyu hayamwambii aache biashara. Ada ya shule na mchele wa nyumbani vinatoka barabarani. Yanamwonyesha mahali pa kutazama. Mtoto anapobaki, abaki na mtu anayemjua na kumwitikia, na mtu huyo asibadilishwe kila safari. Mama anaporudi kutoka Uvira au Kampala, kabla ya kufungua mzigo na kuhesabu faida, amtazame mtoto. Anayelia na kumkumbatia, kisha akatulia, yu salama. Anayegeuza uso na kuendelea na mchezo wake ndiye wa kukaliwa karibu, bila kumlazimisha, hadi atakapogeuka mwenyewe.